Mke Mwenzangu wa Gereji

Wanawake wa Msambweni walipotaka kunichokoza hawakuniuliza habari za mume wangu. Waliniuliza habari za mke mwenzangu.

"Hajambo mwenzio?" Bi Mwanasiti, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliniambia karibu kila asubuhi huku akichagua mchele barazani. "Jana zamu ilikuwa yake au yako?"

Wenziwe walicheka, nami nilicheka nao, kwa kuwa huyo waliyemkusudia alikuwa mwanamume wa makamo, fundi wa malori, mwenye banda la makuti kando ya barabara na mikono iliyoingia grisi hata kwenye mistari ya viganja. Mwanamke mwenye akili zake hawezi kukiri kwamba anamwonea wivu mtu kama huyo. Nilikuwa na akili zangu, nilikuwa na cheti cha ualimu, na nilimwonea wivu miaka yote niliyomfahamu.

Niliolewa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mara tu baada ya kutoka chuoni. Mume wangu alinizidi kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa na lori moja, la rangi ya kijani, alilolinunua likiwa limekwisha kuchoka mikononi mwa wengine, na kwalo alibeba mbata za pwani kuzipeleka Mombasa, akapanda bara kuleta mahindi na mbuzi. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuja kunioa kwa maneno machache, na nilipoingia nyumbani mwake niliyasubiri mengine yaliyobaki, nikidhani ameyaweka akiba. Muda si mrefu niligundua yanakokwenda. Akirudi safari, lori halikufika nyumbani kabla ya kupita bandani kwa Fundi. Likiwa na ubovu lilipita kutengenezwa. Likiwa halina ubovu lilipita kusalimia. Chai niliyomwekea ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena.

Fundi hakufanana na mtu wa kugombea mume na mtu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na alivaa kofia ya vito nyeupe ambayo aliingia nayo chini ya lori na kutoka nayo bila ya doa. Sijui alifanyaje. Mimi niliyefanya kazi ya chaki nilirudi nyumbani mchafu kuliko yeye. Hakupata kutukana msumari wala chuma, jambo ambalo mafundi wengine wa njia ile waliliona kuwa ni ugonjwa. Alijua Kurani yake vizuri na aliandika kwa herufi za Kiarabu tu. Herufi tulizozifundisha shuleni hakuzijua hata moja. Siku moja, kwa hasira zangu za kijana, nilinunua leso yenye maneno makali, ya zile ambazo mwanamke humvalia mke mwenziwe, nikajitanda na kupita mbele ya banda mara mbili. Fundi aliinua kichwa, akaitazama vizuri, akamgeukia mume wangu.

"Nahodha, leso ya Mwalimu imeandikwaje?"

Alimwita mume wangu Nahodha kwa mzaha, kwa sababu ukoo wake ulikuwa wa watu wa Wasini waliotengeneza mashua, naye aliikimbia bahari akiwa kijana. Mume wangu aliyasoma yale maneno. Nilimwona akiyasoma, masikio yakabadilika rangi. Kisha akasema, "Imeandikwa Idi njema."

"Idi bado miezi minne," Fundi alisema. "Mwalimu hapendi kuchelewa."

Nilirudi nyumbani nikaikunja ile leso na sikuivaa tena.

Kilichonikera zaidi kilikuwa Kiswahili chake. Nilikuwa nikifundisha somo hilo, na mtoto aliyekosea ngeli nilimsimamisha mpaka aseme sawasawa. Fundi alilisema lori kama anavyosemwa mtu. Lori huyu anaumwa. Ekseli amechoka. Muulize anaona nini akipanda kilima. Nilimsahihisha mara ya kwanza nilipompelekea mume wangu chakula.

"Lori hili, Fundi. Linaumwa, kama ni lazima liumwe."

"Naam, Mwalimu," alijibu kwa adabu. "Hili. Naye amekataa gia ya pili tangu jana."

Ukaidi wake haukuwa wa kiburi, na ndiyo maana sikuupatia dawa. Maradhi yale yalimwambukiza mume wangu. Jioni moja alikuwa amejilaza mkekani, akaiambia dari, "Leo alikuwa na joto sana. Nilimwonea huruma." Mimi siku hiyo nilikuwa nimeshinda na homa. Moyo wangu uliruka, nikasogea nikamshika mkono, nikamwambia kwamba imekwisha kupungua. Alinitazama bila kuelewa. Alikuwa akilisema lori.

Kulikuwa na jambo jingine lililomfanya Fundi awe kichekesho cha mji: hakupanda gari. Mtu aliyetengeneza malori ya nusu ya Kwale alikwenda kwa miguu, asubuhi akitoka kwake Munje, na jioni akirudi. Madereva walimwambia, "Panda, Fundi, nikusogeze." Naye aliwajibu, "Mimi nawajua kwa ndani, ndiyo maana siwapandi." Nilikuwa nikilicheka jibu hilo mpaka siku nilipoona kwamba halikuwa mzaha, na siku hiyo ninaijua vizuri kwa sababu niliisababisha mimi.

Njia ya Mwereni ilikuwa na mto usiokuwa na daraja. Lori lilishuka majini likiwa na joto la safari, maji yakafika mpaka juu ya mhimili wa magurudumu ya nyuma, ule ambao watu wa kazi hiyo huuita ekseli. Juu ya ekseli pana kidude kidogo cha shaba, hakizidi ncha ya kidole gumba, chenye tundu. Fundi alikiita pua. Ndani ya ekseli mna oili. Oili ikipata moto, hewa iliyomo hutanuka na kutokea puani. Ikipoa, huvuta hewa nyingine kwa njia hiyohiyo. Sasa ekseli yenye moto ikizama ghafula katika maji ya baridi huvuta kilicho karibu, nacho ni maji. Kwa hiyo kila baada ya safari ya Mwereni oili ilitoka nyeupe kama tui la nazi, na mume wangu alishinda bandani siku mbili, wakimwaga, wakisafisha, wakitia nyingine, wakizungumza. Fundi alikuwa amemwahidi kumrefushia pua ile kwa bomba, lakini bomba la kipimo chake lilikuwa halijapatikana.

Siku mbili kwa kila safari. Nilizihesabu kama mke anavyohesabu zamu.

Basi nilimwambia mume wangu, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Wewe ni mtoto wa watu wa mashua. Baba yako aliona tundu karibu na maji akaliacha wazi? Tia kalafati."

Mtu wa bara asingelifikiria hilo. Sisi tundu likikaribia maji hatulali mpaka tulizibe. Kizazi baada ya kizazi tumeziba mapengo ya mbao kwa pamba iliyolowa sifa, yale mafuta ya papa, na kilichoachwa wazi kilitukosesha mtu. Mume wangu alifikiri kidogo, akasema, "Fundi atakasirika." Neno hilo ndilo lililonimaliza. Niliufumua mto wangu mwenyewe wa kulalia, nikatoa usufi, nikamsokotea, nikamletea kibuyu cha sifa. Aliichomoa ile pua, akalikalafati tundu kwa nyundo na patasi ya babake, barabara, kama anayeishusha mashua pwani. Alivuka mto mara mbili na hakupita bandani. Alikaa nami jioni mbili mfululizo. Alinieleza habari za mbuzi waliomtoroka Kinango, nikacheka mpaka nikalia. Nilidhani nimeshinda.

Safari ya tatu alikuwa akishuka kilima cha Kwale na magunia ya mahindi. Alikanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini, na lori halikusimama. Aliligonga katika ukingo wa udongo kwa makusudi, na hilo ndilo lililomwokoa. Alivunjika mfupa wa bega. Habari zilifika Msambweni mchana, na kabla sijavaa buibui langu Bi Mwanasiti alikuja mbio.

"Mwenzio amekutangulia! Amepanda lori la kuni, amekwenda!"

"Nani?"

"Fundi! Wallahi nimemwona kwa macho yangu. Amekaa mbele kwa dereva, ameshika kofia kwa mikono miwili, amefumba macho."

Wengine walilisimulia tukio hilo kwa kicheko kwa miezi. Mimi sikucheka. Nilikuwa najua kwamba mume wangu amenusurika. Kwa hiyo moyo ulikuwa na nafasi ya ubaya wake, na ubaya wake ulikuwa huu: kwamba yuko mtu aliyevunja nadhiri yake ya kutopanda gari kwa ajili ya mume wangu, nami sikuwa na nadhiri ya kumvunjia.

Lori lilivutwa mpaka bandani. Siku ya tatu mume wangu alitaka kuwapo likifunguliwa, bega likiwa limefungwa, nami nilikwenda naye. Fundi aliyatoa magurudumu ya nyuma. Ndani, mahali pa breki, palikuwa pamejaa oili. Aliingia chini ya lori, akatoka na kizibo cheusi cha usufi mkononi, akakinusa.

"Sifa," alisema. "Nahodha, umemkalafati?"

"Nimemkalafati," mume wangu alijibu.

"Ukizibwa pua wewe, ukapandishwa kilima na mzigo, utapumulia wapi?"

"Sikulifikiri hilo."

"Atapumulia pengine. Ametafuta upenyo, ameupata kwenye sili za magurudumu, ametoka na oili yote, ameilowesha breki. Fikra hii ni yako?"

"Yangu."

Fundi aliufumbua ule usufi kwa vidole, taratibu. "Huu ni wa mto," alisema. "Mwanamume hachani mto."

Nilisubiri atamke. Kama angetamka, ningemchukia kwa raha maisha yangu yote. Aliutupa ule usufi katika debe la takataka, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akanitandikia gunia safi ardhini.

"Mwalimu, kaa hapa uone. Na mimi leo nipate mwanafunzi aliyesoma."

Kwanza alisugua juu ya ekseli kwa brashi na mafuta ya taa, pande zote za tundu, kwa muda mrefu mpaka nikachoka kungoja. "Ukifungua juu ya uchafu, uchafu unaingia ndani, na humo hamna mlango wa kuutolea," alisema. Alizungusha waya mwembamba katika tundu, akauvuta, akaufuta, akaurudisha, mpaka ukatoka mkavu. Kisha alileta pua mpya. Alikuwa ameichonga mwenyewe kwa shaba, na ubavuni ameiunganisha na bomba jembamba la shaba lililopatikana hatimaye, sijui wapi. Aliipuliza, akanipa.

"Na wewe. Nisije nikawa najidanganya."

Niliiweka shaba ile mdomoni, mbele ya wanaume, nikapuliza. Hewa ilipita bila kizuizi, na upande wa pili nilisikia sauti ndogo ya filimbi.

"Anapumua?" aliniuliza.

"Anapumua," nilisema. Ngeli ilinitoka bila kuitafuta, na mume wangu akageuza uso ili asinicheke.

Fundi aliikaza kwa vidole kwanza, akasema kwamba spana haina hisia na shaba huvunjika kwa mtu mwenye haraka. Kisha kwa spana, nusu mzunguko tu. Bomba alilipandisha kufuata fremu mpaka juu ya mahali ambapo maji yoyote yangefika, akalikunja kama mpini wa bakora, mdomo ukitazama chini, mvua isiingie. Alibadili sili, zile pete zinazozuia oili isitoke, akaosha breki kwa petroli, akajaza oili mpaka alama yake. Kazi yote ilichukua kutoka baada ya adhuhuri mpaka kabla ya magharibi, na katika muda huo nilifahamu mambo mawili. La kwanza ni kwamba alikuwa mwalimu kunishinda. Hakunifanya hata mara moja nione aibu ya kutojua. La pili ni kwamba mume wangu, aliyekaa kwenye kibao na mkono wake uliofungwa, hakuwa akizungumza. Wala yeye wala Fundi. Miaka mitatu nilikuwa nimewaonea wivu maneno, na maneno hayakuwapo. Walikuwa wakinyamaza pamoja, nao unyamavu ule ulikuwa umejaa kitu ambacho nyumbani kwetu sikukiona. Wivu wangu haukupungua. Uliacha kuwa wa mzaha.

Nisimfanye walii. Alikuwa mroho wa kahawa, alimpendelea kwa siri dereva aliyemletea tende, na aliwahi kuacha kusema na ndugu yake mwaka mzima kwa ajili ya jeki. Siri yangu ya mto, hata hivyo, hakumwambia mtu. Ninajua, kwa sababu Bi Mwanasiti hakuijua, na kilichojulikana kwa watu wawili pale mtaani kilijulikana kwake. Kuna wema unaokuumiza kwa kuwa hukuombwa shukrani. Kila nilipopita bandani alinisalimia, "Mwalimu, hujambo?" nami nilijibu, "Shikamoo, Fundi," nikapita haraka, kama aliyeazima kitu.

Mwishoni mwa miaka ile ya hamsini mume wangu aliugua ini. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya manjano, na hospitali walimrudisha nyumbani kwa upole, kwa maana tuliyoielewa sote. Aliishi siku kumi na moja. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane alikuwa wangu mchana na jioni. Nilimlisha uji kwa kijiko, nilimgeuza, nilimsomea Yasini. Naye alizungumza, yeye asiyezungumza: habari za Wasini, za mama yake, za siku aliyoniona mara ya kwanza nikishuka na kisanduku cha chuo. Siku ya tatu alisema, "Mwite Fundi."

Nilimwambia amekwisha kupelekewa habari.

Hakuna aliyepelekwa. Fundi wakati huo alikuwa amelala kwake Munje kwa kuteguka mguu, banda limefungwa, na habari za mji hazikumfikia upesi. Siku ya tano mume wangu aliuliza tena, nikasema, "Amesema kesho." Aliamini, kwa kuwa Fundi kwa kawaida hakuwa na siku nyingine ila kesho, kila dereva wa pwani ile aliwahi kuambiwa hivyo. Siku ya nane aliniuliza kwa macho tu. Siku ya kumi hakuuliza. Nilikuwa nikijiambia kwamba nitamtuma mtu baada ya swala, na baada ya swala nilijiambia anazungumza vizuri sasa, nikimwita mwingine atanyamaza.

Nilianza kukaa eda. Wiki ya pili, baada ya alasiri, nilisikia fimbo ikigonga ardhi uani, kisha sauti ile ya chini nyuma ya mlango uliofungwa.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Fundi. Lakini sina ruhusa ya kukufungulia."

"Ninajua. Nitasimama hapahapa. Mungu akupe subira."

"Amin. Atupe sote."

Bi Mwanasiti, aliyekuwa akiniwekea maji, aliacha kumimina ili asikie.

"Nina neno moja," Fundi alisema. "Ukiliona halifai, usinijibu, nami nitakwenda zangu. Siku zile alizolala, aliniulizia?"

Ubao wa mlango ulikuwa mbele ya uso wangu. Nilisikia namna alivyoutegemea mguu mmoja. Nilikuwa na mengi ya kusema, na yote yalikuwa ya kweli, na katika hayo yote niliona kwamba nikisema ndiyo, siku zile kumi na moja zitagawanywa.

"Hapana," nilisema. "Hakukuulizia."

"Alhamdulillahi."

Hakulitamka kwa uchungu. Lilimtoka kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

"Nilichelea, Mwalimu. Tangu niliposikia sijalala vizuri. Nilichelea asije akawa aliniita, akaniona siji, akafa anadhani nimekataa. Basi kama hakuniita, hakuna neno. Umenipumzisha."

Bi Mwanasiti alinitazama. Alikuwapo siku ya tatu. Alikuwapo na siku ya tano. Kisha aliendelea kumimina maji. Nje, fimbo ilianza kugonga ardhi, ikielekea barabarani, polepole, na nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kuita. Nilijiambia kwamba mwanamke aliye katika eda hapazi sauti kumwita mwanamume njiani, na udhuru huo ulinitosha miezi minne na siku kumi.

Eda ilipokwisha, udhuru nao ulikwisha. Kutoka kwangu mpaka Munje, kwa miguu, haifiki saa moja. Sikwenda.